Uzi maalumu: Chuo cha wanawake cha Spelman, Atlanta, tangu chumba cha chini cha kanisa mwaka 1881 hadi masomo yake ya leo

MwalimuHistoria (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tumekwisha kujadili vyuo vya Marekani humu mara nyingi, na karibu kila mara mjadala huishia kwenye majina yale yale ya Harvard, Yale na Stanford. Leo naomba tukae na chuo kimoja kidogo cha wanawake, Spelman, kilichopo katika jiji la Atlanta, jimbo la Georgia. Nafundisha historia katika shule ya sekondari ya wasichana, na nimekichagua chuo hiki kwa sababu mtaala wake unasomeka kama daftari la madai: karibu kila somo linalofundishwa pale leo liliingia darasani baada ya mtu kusimama na kudai kwamba mwanamke Mweusi anastahili kulisoma. Nitaandika kwa vipande, na mwenye swali aulize tu.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya chuo chenyewe. Spelman ni chuo cha sanaa huria, yaani chuo kinachojikita katika shahada ya kwanza, chenye madarasa madogo, ambapo mwanafunzi haingii moja kwa moja katika sheria au udaktari kama ilivyo kwetu. Husoma kwanza fasihi, hisabati, historia, sayansi na lugha za kigeni, kisha huchagua fani moja ya kuizamia, na akitaka kuwa mwanasheria au daktari huendelea katika chuo kingine baada ya kuhitimu. Vyuo vingi vya namna hii vya wanawake vilianza kaskazini mwa Marekani kwa ajili ya mabinti wa Kizungu. Spelman ilianza kusini, kwa wanawake waliotoka utumwani, na ilianzia kwenye herufi.

Sheria ya Georgia ya mwaka 1829 ilikuwa imepiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, na aliyekiuka aliadhibiwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1865, umati wa wanawake ulitoka utumwani ukiwa na umri mkubwa na bila elimu yoyote ya darasani. Walimu wawili wa Kizungu kutoka Massachusetts, Sophia Packard na Harriet Giles, ambao walikuwa wamefundisha pamoja kwa miaka mingi, ndio waliolivalia njuga jambo hili. Packard alizunguka majimbo ya kusini mwaka 1880 akajionea hali, akarudi Boston na kukiomba chama cha wanawake wa Kibaptisti alichokuwa katibu wake kifungue shule Atlanta. Chama kilisitasita kwa sababu hakikuwa na fedha, hadi kanisa moja la mji wa Medford lilipotoa dola 100 za kuanzia.

Tarehe 11 Aprili 1881 walifungua darasa katika chumba cha chini cha kanisa la Friendship Baptist, lililoongozwa na mchungaji Mweusi Frank Quarles. Waliofika siku ile ya kwanza walikuwa wanafunzi 11, wengi wao watu wazima waliowahi kumilikiwa kama mali. Chumba kilikuwa na giza na unyevunyevu, na sehemu yake moja ilikuwa ghala la makaa ya mawe. Masomo yalikuwa kusoma, kuandika, hesabu na Biblia, na wengi walikuja kwa sababu moja iliyo wazi: walitaka kuisoma Biblia kwa macho yao wenyewe badala ya kusomewa. Katika muda wa miezi michache idadi ilifikia wanafunzi wapatao 80, na walimu walikuwa wale wale wawili.

Naomba tusiharakishe kumpita Mchungaji Quarles. Simulizi nyingi za Spelman huanza na akina mama wawili kutoka kaskazini na kuruka hadi kwa tajiri aliyewasaidia, na mchungaji aliyetoa jengo hubaki sentensi moja. Yeye ndiye aliyewapa chumba, aliyewahimiza waumini wake walete mabinti zao, na aliyesafiri hadi kaskazini kuitafutia shule fedha, akafia huko huko safarini. Bila mtu kama huyu, aliyeaminiwa na wenyeji, wageni wawili wasingepata hata mwanafunzi mmoja.

MwalimuHistoria

Naendelea. Mwaka 1882 Packard na Giles walikwenda Cleveland, Ohio, kuomba michango kanisani, na huko wakakutana na John D. Rockefeller, mfanyabiashara wa mafuta. Aliahidi dola 250, kiasi ambacho kwake kilikuwa kidogo lakini kwa shule kilikuwa kikubwa. Mwezi Februari 1883 shule ilihama kutoka kanisani na kuingia katika eneo la ekari tisa lenye majengo matano ya mbao, ambayo baada ya vita yalikuwa kambi ya wanajeshi wa Kaskazini. Eneo hilo lilikuwa na deni, na hapo ndipo lilipozuka suala ambalo kwa maoni yangu liliamua kila kilichofuata.

Uongozi wa Kibaptisti ulipendekeza shule ya wanawake iunganishwe na seminari ya wanaume iliyokuwa jirani, ile ambayo leo ni chuo cha Morehouse, ili gharama zipungue. Packard na Giles walikataa. Walijua kwamba katika shule ya pamoja yenye fedha kidogo, fedha hiyo ingeelekezwa kwanza kwa wanaume waliotarajiwa kuwa wachungaji, na wanawake wangepewa kinachobaki. Ili kubaki peke yao ilibidi walipe deni la ardhi wenyewe. Rockefeller alipotembelea shule pamoja na familia yake katika maadhimisho ya miaka mitatu, Aprili 1884, ndipo deni lilipolipwa, na shule ikabadilishwa jina na kuitwa Seminari ya Spelman.

Jina hilo lilitoka kwa familia ya mke wake, Laura Spelman. Wazazi wake, Harvey na Lucy Spelman, walipinga utumwa kwa vitendo, na nyumba yao huko Ohio ilikuwa kituo katika ile njia ya siri iliyowasaidia watumwa kutorokea kaskazini na Kanada. Mama mkwe huyo alikuwapo siku ile ya Aprili 1884.

Masomo yalianza kupanuka mara moja. Kitengo cha ualimu kilikuwa moyo wa shule, kwa kuwa mwalimu mmoja aliyehitimu aliweza kufungua darasa kijijini kwao na kufundisha watoto mia. Mwaka 1885 lilianza kuchapishwa jarida la shule, Spelman Messenger, na wasichana wenyewe walijifunza kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo. Mwaka 1886 yalianza mafunzo ya uuguzi, na mwaka huo huo likakamilika jengo la kwanza la matofali, lililopewa jina la Rockefeller, ambalo bado limesimama. Mwaka 1891 kiliongezwa kitengo cha kuwaandaa wamisionari. Sophia Packard alifariki mwaka huo huo, na Giles akaiongoza shule hadi kifo chake mwaka 1909.

MdauKyela

Mwalimu, ahsante kwa uzi huu. Mimi naandika kutoka mpakani na Malawi, na umegusa jambo nililokuwa nikilisikia kwa wazee wa upande wa pili. Wapo waliosimulia kwamba misheni ya John Chilembwe, yule mchungaji aliyewaasi wakoloni, pale Chiradzulu ilikuwa na mwalimu mwanamke Mweusi kutoka Marekani kabla ya vita vya mwaka 1915, na kwamba daktari aliyeifufua misheni hiyo baadaye alikuwa mwanafunzi wake. Je, mama huyo ana uhusiano wowote na chuo hiki, au ni simulizi tu?

MwalimuHistoria

Ndugu yangu wa Kyela, wazee wako walisema kweli, na umenifikisha kwenye sehemu ya historia hii inayotuhusu moja kwa moja.

Mwalimu huyo aliitwa Emma DeLaney, mzaliwa wa Florida na mhitimu wa Spelman. Alifika Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1902 kumsaidia Chilembwe katika misheni yake, na akafundisha pale hadi mwaka 1905. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana Daniel Malekebu, ambaye baada ya mwalimu wake kuondoka alimfuata Marekani, akasoma hadi akahitimu udaktari katika chuo cha tiba cha Meharry huko Tennessee. Baada ya Chilembwe kuuawa mwaka 1915 na serikali ya kikoloni kulibomoa kanisa lake kwa baruti, misheni ilikaa magofu kwa zaidi ya miaka kumi. Malekebu ndiye aliyerudi mwaka 1926 na kuifungua upya, akiwa daktari na mchungaji kwa pamoja.

Hakurudi peke yake. Mke wake, Flora Zeto, alikuwa Mkongo aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto na kusomeshwa Spelman. Aliyempeleka alikuwa Clara Howard, mmoja wa wahitimu wa kwanza kabisa wa shule hiyo, aliyekwenda Kongo mwaka 1890 na kufanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametangulia Nora Gordon, mhitimu mwingine wa Spelman, ambaye alipangiwa kituo cha Palabala katika Kongo ya chini. Tukumbuke ilikuwa Kongo ya namna gani: ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na wabebaji mizigo walikuwa wakifa njiani. Gordon mwenyewe alirudi Georgia akiwa amedhoofika na akafariki mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi.

Mtu anaweza kuuliza iwapo umisionari ule haukuwa sehemu ya ukoloni, na swali hilo ni halali. Wanawake hawa walifundishwa na kanisa lao kuiona Afrika kama nchi ya giza, na barua zao zina lugha ya namna hiyo. Hata hivyo naona ni vigumu kumweka DeLaney katika kapu moja na maofisa wa kikoloni, kwa kuwa alifanya kazi chini ya mchungaji Mwafrika, katika misheni ambayo serikali iliitazama kwa mashaka tangu siku ya kwanza.

HojaNzito

Mwalimu, naheshimu kazi uliyoifanya, lakini naona unaipamba mno shule hii. Nijuavyo mimi, shule nyingi za Weusi kusini mwa Marekani wakati ule zilifadhiliwa na matajiri wa Kizungu ili kutengeneza wapishi, wafuaji na yaya waliostaarabika. Kushona, kupika na kupiga pasi ndiyo yalikuwa masomo. Sasa hiyo sanaa huria unayoisema iliingia lini, na iliingiaje ikiwa mwenye fedha alikuwa Rockefeller?

MwalimuHistoria

Hoja yako ni nzito kama jina lako, na sehemu kubwa ya unayosema ni kweli. Kushona, kupika na kufua vilikuwa kwenye ratiba ya Spelman kwa miongo mingi, na wanafunzi wa bweni walifanya kazi za usafi na jikoni kila siku ili kupunguza gharama. Wafadhili walipenda kuona hivyo. Mwaka huo huo wa 1881 Booker T. Washington alianza kazi Tuskegee, Alabama, akihimiza ufundi wa mikono kwanza, na fedha za matajiri wa kaskazini zikamfuata. Upande wa pili alikuwapo W. E. B. Du Bois, aliyehamia Chuo Kikuu cha Atlanta mwaka 1897, jirani kabisa na Spelman, akidai kwamba watu waliotoka utumwani wanahitaji wanahistoria, wanahisabati na wanafalsafa kama watu wengine wote.

Spelman ilikaa katikati ya mvutano huo, na kwa muda mrefu ilikuwa mambo mengi kwa wakati mmoja: shule ya msingi, sekondari, chuo cha ualimu, chuo cha uuguzi na, kwa wachache sana, chuo cha shahada. Shahada mbili za kwanza zilitolewa mwaka 1901 kwa Jane Anna Granderson na Claudia Turner White. Tafadhali zingatia jinsi walivyozipata. Spelman haikuwa na walimu wala maabara za kutosha kwa masomo ya ngazi hiyo, kwa hiyo wasichana wa shahada walilazimika kwenda kuhudhuria sehemu ya vipindi vyao katika chuo cha wanaume cha jirani. Kwa hiyo miaka ishirini baada ya kuanzishwa, chuo kilikuwa na wahitimu wawili wa shahada, wakati mamia ya wanafunzi wake walikuwa katika madarasa ya chini. Nadhani hesabu hiyo inajibu swali lako vizuri kuliko maelezo yangu.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Chini ya Lucy Hale Tapley, aliyeongoza tangu mwaka 1910 hadi 1927, jina lilibadilishwa mwaka 1924 na kuwa Chuo cha Spelman, na mwaka 1925 likafunguliwa jengo la sayansi. Aliyefuata, Florence Read, ndiye aliyefanya uamuzi mgumu. Alifunga shule ya msingi na mafunzo ya uuguzi, akaelekeza nguvu zote katika masomo ya shahada, na akajenga mfuko wa wakfu wa chuo ili mishahara ya walimu isitegemee huruma ya mwaka hadi mwaka. Kufungwa kwa mafunzo ya uuguzi kuliwaumiza watu wengi wa Atlanta, kwa kuwa jiji lile lilikuwa na sehemu chache mno ambapo msichana Mweusi angeweza kusomea kazi hiyo. Mimi naamini Read alikuwa sahihi, lakini siwezi kusema kwamba hakuna aliyelipia uamuzi huo.

Mwaka 1929 kulitiwa saini makubaliano kati ya Spelman, Morehouse na Chuo Kikuu cha Atlanta: viwili vya kwanza vibaki na shahada ya kwanza, na cha tatu kichukue masomo ya juu. Makubaliano hayo ndiyo msingi wa umoja wa vyuo uliopo hadi leo. Wanafunzi wa chuo kimoja huruhusiwa kusoma somo katika chuo kingine na wote hutumia maktaba moja. Yale ambayo wasichana wa mwaka 1901 waliyafanya kwa ulazima, wa leo huyafanya kwa hiari, na wavulana nao huvuka kuja Spelman.

Kuhusu Rockefeller, kubali nami jambo moja. Fedha yake ililipa deni lililowawezesha wanawake kukataa kuunganishwa. Lakini pia ni kweli kwamba chuo cha wanawake Weusi kiliongozwa na wanawake wa Kizungu kwa miaka 72 mfululizo, hadi mwaka 1953, alipoteuliwa Albert Manley, mwanamume wa kwanza na Mweusi wa kwanza kukiongoza.

HojaNzito

Nimekuelewa, mwalimu, na ile hesabu ya shahada mbili imenigusa. Sasa tueleze kipindi cha harakati. Ninavyofahamu, Atlanta ndiko alikozaliwa Martin Luther King.

MwalimuHistoria

Naam, na familia yake imefungamana na chuo hiki: mama yake, Alberta Williams King, alisoma Spelman ilipokuwa bado seminari, na dada yake, Christine King Farris, alihitimu pale na baadaye akafundisha pale kwa miaka mingi. King alipouawa mwezi Aprili 1968, mwili wake uliwekwa katika kanisa la chuo, Sisters Chapel, watu wakapita kumuaga.

Katika miaka ya 1950 maisha ya chuoni yalikuwa na nidhamu kali sana. Msichana alitakiwa kusaini kabla ya kutoka nje ya uzio, alikuwa na saa ya mwisho ya kurudi, na akienda mjini alitarajiwa kuvaa glavu na kofia kama binti wa heshima. Ndani ya uzio huo huo walikuwapo walimu waliofundisha historia na siasa kwa namna iliyomfanya msichana ajiulize kwa nini, pamoja na glavu zake, haruhusiwi kuketi kwenye mgahawa wa duka analonunua bidhaa. Mmoja wao alikuwa Howard Zinn, aliyeongoza idara ya historia tangu mwaka 1956.

Tarehe 9 Machi 1960 magazeti ya Atlanta yalichapisha tamko la wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya jiji hilo, likidai haki katika elimu, ajira, makazi, upigaji kura, hospitali, burudani na utekelezaji wa sheria. Mwandishi wake mkuu alikuwa Roslyn Pope, kiongozi wa wanafunzi wa Spelman, ambaye alikuwa amerejea kutoka masomoni Paris. Ukilisoma tamko lile utaona alama ya elimu pana: limepangwa kwa hoja, lina takwimu za vitanda vya hospitali na majengo ya shule, na halipigi kelele. Siku sita baadaye wanafunzi walikwenda kuketi katika migahawa iliyowakataza, wakakamatwa. Katika kundi hilo la Spelman walikuwamo Marian Wright, ambaye baadaye alianzisha mfuko wa kutetea watoto nchini Marekani, na Ruby Doris Smith, ambaye mwaka 1961 alitumikia kifungo cha siku 30 huko South Carolina na mwaka 1966 akawa katibu mtendaji wa kamati ya wanafunzi iliyoratibu harakati hizo.

Uongozi wa chuo haukufurahia yote haya. Zinn alifukuzwa kazi mwaka 1963, na mwaka huo huo mwanafunzi Alice Walker, ambaye baadaye alipata tuzo ya Pulitzer kwa riwaya yake, aliondoka na kumalizia masomo katika chuo kingine cha kaskazini. Chuo kilimwalika Zinn mwaka 2005 ahutubie mahafali.

Kisha ukaja mwaka 1976. Manley alikuwa akistaafu na wanafunzi pamoja na baadhi ya walimu walitaka mara hii chuo kiongozwe na mwanamke Mweusi. Bodi ya wadhamini ilimteua mwanamume, Donald Stewart. Wanafunzi waliwafungia wadhamini chumbani kwa zaidi ya siku nzima. Uteuzi haukubadilika, na Stewart aligeuka kuwa mkuu mzuri aliyekuza masomo, lakini dai halikufa. Mwaka 1987 aliingia Johnnetta Cole, mwanaanthropolojia, mwanamke Mweusi wa kwanza kukiongoza chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wanawake kama yeye miaka 106 kabla.

MwalimuHistoria

Sasa nije kwenye masomo ya leo, kwa kuwa ndiyo wengi mnayoyasubiri.

Chuo kina wanafunzi zaidi ya 2,000 na hutoa shahada za sanaa na za sayansi katika fani zipatazo thelathini, kuanzia biolojia, kemia, fizikia, hisabati na kompyuta hadi uchumi, sayansi ya siasa, saikolojia, Kiingereza, falsafa, muziki, tamthilia na dansi. Orodha kamili mtaiona wenyewe. Mimi nataka kukaa kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kozi ya lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, inayohusu Afrika, watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika, na ulimwengu. Ilianza miaka ya 1990 na huchukua mihula miwili. Msichana anayetaka kuwa mkemia huisoma, na anayetaka kuwa mwanamuziki huisoma. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa na kozi ya lazima ya ustaarabu wa dunia iliyoanzia Ugiriki na kuishia Ulaya Magharibi, na Afrika ikatajwa kwa kurasa chache za utumwa. Spelman iliamua kuanzia upande mwingine, na mwanafunzi hujifunza kuandika insha za kitaaluma humo humo. Kama mwalimu, hili ndilo ninalolionea wivu kuliko yote, maana msingi wa pamoja huwapa wanafunzi wa fani zote jambo la kubishania mezani.

La pili ni kituo cha utafiti kuhusu wanawake kilichoanzishwa mwaka 1981 na Beverly Guy-Sheftall, yeye mwenyewe mhitimu wa Spelman. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake katika vyuo vya kihistoria vya Weusi, na kutoka humo ilikua programu ya masomo linganishi ya wanawake. Wakati ule vitabu vingi vya harakati za wanawake viliandikwa kama vile wanawake wote ni Wazungu, na vitabu vingi vya harakati za Weusi kama vile Weusi wote ni wanaume. Nyaraka binafsi za mshairi Audre Lorde zimehifadhiwa chuoni hapo, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuomba kuzisoma.

La tatu ni sayansi, na hapa lazima nimtaje Etta Falconer. Alianza kufundisha hisabati Spelman mwaka 1965, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1969, akiwa miongoni mwa wanawake Weusi wa mwanzo Marekani kufikia ngazi hiyo katika hisabati. Wakati alipofika, wasichana wengi walielekezwa kwenye ualimu na elimu ya jamii. Yeye alijenga idara, akapata fedha za kuwalipa wanafunzi wafanye utafiti wakati wa likizo badala ya kwenda kutafuta vibarua, akawasindikiza hadi milango ya vyuo vya uzamivu. Takwimu za taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani zimeitaja Spelman mara kwa mara kuwa miongoni mwa vyuo vinavyoongoza kwa wanawake Weusi ambao hatimaye hupata uzamivu wa sayansi, na hilo ni jambo kubwa kwa chuo kidogo kiasi hiki. Mwaka 2005 timu yake ya roboti ilishiriki mashindano ya kimataifa ya RoboCup huko Osaka, Japani, wasichana watupu, wote Weusi.

MzaziArusha

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Binti yangu yuko kidato cha sita, anasoma PCM na anataka uhandisi. Nina maswali mawili ya mzazi. Je, chuo cha sanaa huria kinaweza kumfikisha kwenye uhandisi? Na je, kuna sababu gani ya kumpeleka chuo cha wasichana watupu wakati kazini atakutana na wanaume?

MwalimuHistoria

Marahaba, mzazi mwenzangu, na hongera kwa binti.

Uhandisi anaweza kuufikia kwa mpango wa shahada mbili. Mwanafunzi husoma miaka mitatu Spelman, akichukua hisabati, fizikia, kemia na kompyuta pamoja na yale masomo mapana, kisha huhamia chuo kikuu chenye kitivo cha uhandisi kwa miaka miwili. Kilicho karibu zaidi ni Georgia Tech, kilichopo Atlanta hapo hapo, ingawa vipo vingine katika mpango huo. Akimaliza miaka mitano anakuwa na shahada mbili, moja ya kila chuo. Hasara yake ni mwaka mmoja wa ziada wa gharama. Faida yake ni kwamba anaingia darasa la uhandisi akiwa amekwisha kuzoea kuuliza maswali na kuongoza maabara.

Hilo linajibu pia swali lako la pili kwa sehemu. Katika darasa la fizikia la Spelman, mwanafunzi bora ni msichana, anayeburuta mkia ni msichana, anayeshika kifaa na anayeandika matokeo wote ni wasichana. Shuleni kwangu naona tofauti hiyo kila wiki: wasichana wale wale wanaogombania kushika bureti katika maabara yetu hukaa nyuma na kuandika tu wanapokwenda kufanya vitendo kwenye shule mchanganyiko ya jirani. Isitoshe, Spelman haijajifungia. Kwa makubaliano ya mwaka 1929 binti yako atasoma baadhi ya vipindi na wanaume wa Morehouse na wengine wa Clark Atlanta, mrithi wa kile Chuo Kikuu cha Atlanta, na atakutana nao maktaba kila siku.

Kuhusu gharama niseme wazi. Ni chuo binafsi na ada yake ni kubwa kwa mfuko wa mzazi wa Kitanzania. Misaada ya serikali kuu ya Marekani haiwahusu wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo tegemeo ni ufadhili wa chuo chenyewe na wa mashirika mengine. Mwezi Januari 2024 chuo kilitangaza zawadi ya dola milioni 100 kutoka kwa Ronda Stryker na mume wake William Johnston, na milioni 75 kati ya hizo zimewekwa wakfu kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi. Muulize ofisa wa udahili kwa barua pepe, mapema, ni ufadhili upi unaowaruhusu wasio raia na ni tarehe ipi ya mwisho ya kuuomba, maana mara nyingi tarehe hiyo hutangulia ile ya kawaida ya maombi. Pia aanze sasa kukusanya barua za walimu wake wa fizikia na hisabati, kabla hawajatawanyika kwa likizo na usahihishaji wa mitihani.